Sekunde ya Kumi na Nne

Mara ya tatu waliandika kwa upole:
sauti tumeipenda, chumba hatukiwezi.
Kelele za chini, hasi arobaini na nane.
Tunataka hasi sitini. Rudia kabla ya Alhamisi.

Kama mchumba anayeambiwa
mwenyewe tunakupenda,
kwenu ndiko hatukutaki.

Naishi Mabatini. Jina lenyewe
limeshanishitaki kabla sijafungua kinywa.
Bati juu, jiwe chini, jiwe ubavuni,
jiwe kubwa kuliko kodi yangu
limeegemea ukuta wa choo,
na kila neno ninalolisema huenda kuligonga
likarudi limeota mkia.

Nimefanya yote. Godoro nimelisimamisha.
Vitenge vya marehemu shangazi nimevipigilia dirishani.
Trei za mayai nimeziomba kwa muuza chipsi wa Mirongo
mpaka ananiita Mama Kuku.
Nimerekodi saa tisa za usiku chini ya blanketi,
simu ikinimulika kidevu,
jasho likidondokea karatasi,
nikisoma kwa furaha waliyoiagiza:
"Jokofu jipya. Baridi bila kelele."

Mara ya kwanza walisikia mvua.
Ilikuwa mvua kweli, siwalaumu.
Mara ya pili ni wale wadudu wa ziwani
wanaopanda kama moshi kutoka majini;
walinifuata hadi ndani ya blanketi,
mmoja akafia kwenye neno "baridi".
Mara ya tatu, mngurumo.
Nikabandika sikio ukutani.
Jokofu.

Jokofu la Ng'wasi, la sangara na barafu za shilingi mia,
kuukuu, linatetemeka kama trekta mlimani.
Nikaenda kumweleza:
ili nilisifie jokofu lisilo na kelele
inabidi lako lizimwe.
Akacheka hadi akashika mlango.
"Dakika ngapi?"
Kumi na moja.
"Barafu zikiyeyuka unazinunua?"
Nikilipwa.
"Na usipolipwa?"
Nitazinywa.

Akazima.

Kimya kikaingia, kimya nisichokijua,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Mbali, upande wa Kirumba, injini ya mtumbwi
ikakohoa, ikaacha.
Nikasoma mara moja. Sikurudia.

Jana wamerudisha.
Mngurumo haupo, hongera.
Ila sekunde ya kumi na nne kuna mtu.

Mtu?
Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti
mpaka shuu ya hewa ikawa kama maporomoko.
Sekunde ya kumi na mbili: mimi.
Ya kumi na tatu: mimi, navuta pumzi.
Ya kumi na nne, nyuma ya ukuta,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji gizani,
Ng'wasi, kidole bado kwenye swichi,
anasema pamoja nami:
"Baridi bila kelele."

Amelishika lote.
Mara tatu nimelisoma usiku,
mara tatu alikuwa macho upande wa pili.
Na, niseme ukweli usioingia kwenye ankara,
amelitamka vizuri kuliko mimi.
Hakuliwekea tabasamu.
Alilisema kama kitu ambacho mtu anakitaka.

Nimeikata sekunde hiyo. Kazi ni kazi.
Tundu nimeliziba kwa kipande cha kimya
nilichokiazima kwenye sekunde ya ishirini,
nikatuma mara ya tano.
Ile niliyoikata sikuitupa,
ipo, ina jina lake.

Majibu bado.
Jokofu limewashwa, glasi yangu inatembea
yenyewe kuelekea ukingo wa meza.
Nadaiwa barafu thelathini na mbili.